Ndiyo, Mwalimu!

Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Jibu hilo halimwambii chochote. Asiyeelewa huitikia pamoja na wenzake, maana kunyoosha mkono peke yake ni kujianika.

Hapa Tanzania hali huwa ngumu zaidi kidato cha kwanza. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma karibu masomo yote kwa Kiswahili. Ghafla baiolojia na hisabati zinakuja kwa Kiingereza. Akinyamaza, huitwa mzito au mkaidi. Inauma, kwa sababu mara nyingi jibu analo, ila hana maneno ya kulitolea.

Walimu wetu, jaribuni kungoja. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alibaini katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Na badala ya "Mmeelewa?", semeni: "Nielezeni, hatua ya pili tumeipataje?" Nanyi wazazi, mtoto akirudi jioni, muulizeni leo amekwama wapi.