Tumaini la Kiongozi Mpya



Masomo yetu: Nehemia 2:11-18 na Yeremia 28.

Kila mara raisi mpya anapoapishwa, watu wanagawanyika. Wengine wanacheza barabarani kana kwamba njaa imekwisha. Wengine wanatikisa kichwa: "Ni yale yale." Sisi tuliookoka tusimame wapi? Je, kiongozi mwenye matumaini anaweza kusaidia inchi iliyo katika shida? Tunajibu: ndiyo, lakini si kwa kila tumaini.

Tuangalie Marekani. Tangu mwaka 1929 biashara ilianguka. Mwaka 1930 Raisi Herbert Hoover alitangaza kwamba wakati mbaya zaidi umekwisha kupita. Haukuwa umepita. Kufika 1933, karibu mfanyakazi 1 kati ya 4 hakuwa na kazi, na maelfu ya banki yalikuwa yameanguka.

Tarehe 4 Machi 1933 Franklin Roosevelt akaapishwa. Yeye pia alisema maneno ya tumaini, akiwaomba watu wasishindwe na woga. Lakini hakuishia hapo. Alifunga banki zote za inchi ili zikaguliwe. Tarehe 12 Machi, siku ya Mungu, aliongea katika radio kwa maneno ambayo mama wa soko angeyaelewa: banki inafanya nini na feza yako, kwa nini haiwezi kuwalipa wote kwa siku moja, na kwamba hawezi kuahidi zote zitafunguliwa. Kesho yake banki za kwanza zikafunguliwa, na wengi walipanga mstari si kwa kutoa feza bali kwa kuirudisha. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, walioona milango ya banki ikifungwa mwaka 2025, wanajua uzito wa jambo hilo.

Hata hivyo, ukosefu wa kazi uliendelea miaka mingi. Tumaini la kiongozi lilifungua mlango; halikumaliza safari.

Neno la Mungu linatufundisha kupima tumaini la namna hiyo.

Kwanza, tumaini la kweli linaangalia uharibifu. Nehemia alipofika Yerusalema hakuanza na hotuba. Baada ya siku 3 alitoka usiku na watu wachache, akaangalia kuta zilizobomoka na milango iliyoungua. Ndipo akawaambia watu: taabu mnaiona, tujenge.

Pili, linalipa bei. Katika sura ya 5 aliwabana matajiri warudishe mashamba ya wenye deni, na yeye mwenyewe kwa miaka 12 hakula posho ya liwali. Kiongozi anayetuomba uvumilivu huku meza yake imejaa, tumaini lake ni la mdomo tu.

Tatu, linagawa kazi. Sura ya 3 inaonyesha wengi wakijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta ulimalizika kwa siku 52. Nehemia hakuujenga peke yake.

Sasa neno kwa sisi kanisa. Hanania alikuwa nabii, alisimama hekaluni, akatabiri kwamba katika miaka 2 nira ya Babeli itavunjika. Watu walipenda kusikia hivyo. Yeremia alijibu amina, maana naye alitamani amani. Lakini Mungu hakuwa amemtuma Hanania. Taabu ilikuwa ya miaka 70, na waliohamishwa waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea mji walimokaa.

Wapendwa, mara ngapi tumepiga makofi kwa kina Hanania kwa sababu neno lao lilikuwa tamu? Nabii anayemtabiria kila mkubwa ushindi hasaidii inchi. Anaichelewesha kutubu.

Basi tumwombee kiongozi mpya, kama 1 Timoteo 2 inavyotuagiza. Tusimfanye mwokozi, Mwokozi tunaye. Tumuulize alichokiona kwenye kuta. Na kila mmoja ashike jiwe mbele ya nyumba yake: mwalimu afundishe, mfanyakazi wa ofisi akatae mlungula, mwenye duka apime sawasawa.

Tuombe. Baba, wape viongozi wetu macho ya kuona ubomoko na moyo wa kuujenga. Utuponye na maneno matamu yasiyotoka kwako. Katika jina la Yesu. Amina.