Rangi na Ufa

Tulipofufua Land Rover kuukuu ya mwaka 1972, tulihitaji bloku nyingine ya injini. Tulionyeshwa mbili: moja imepakwa rangi ikang'aa, nyingine imeshika kutu. Fedha zetu zilitosha moja tu, na mioyo yetu ilikimbilia ile ing'aayo. Fundi akaziba njia zake za maji, akasukuma maji ndani kwa nguvu. Tone likachuruzika katika ufa mwembamba kama unywele. Ile yenye kutu ilistahimili. Silinda zake nne zilizochakaa zikachongwa upya.

Ndivyo Samweli alivyofundishwa nyumbani mwa Yese. Ndugu, kuchakaa hutengenezeka. Ufa uliofichwa kwa rangi ndio uangamizao. Basi tusiogope kupimwa, wala tusimkatae mwenzetu kwa kutu yake.