Mafunzo Yamfikie Saidia Fundi

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri nchini Tanzania awape wafanyakazi wake mafunzo ya usalama. Swali ni nani hasa anayefundishwa. Kwenye ujenzi, mara nyingi kozi huhudhuriwa na msimamizi, cheti kikabaki kwenye faili. Siku ya kumwaga zege, vibarua, yaani saidia fundi, waliochukuliwa getini asubuhi ileile wanapanda jukwaa la mirunda na kandambili miguuni, ndoo begani. Mkandarasi atenge robo saa kabla ya kazi kuwaonesha mkanda wa usalama unafungwa wapi, na kwa nini shimo refu lisilozuiwa kingo haliingiwi. Wakaguzi nao wasiishie kudai cheti; wamuulize kibarua amefundishwa nini.