Usinunue Jina, Uliza Wati
Msikilizaji, muuzaji akikusifia laptopu nyembamba kwamba ina kadi ya picha ya RTX 4050, muulize: ya wati ngapi? Kadi hiyo hiyo hupangiwa kuanzia wati 35 hadi 115, na feni ndogo haziwezi kutoa joto la wati nyingi. Cheza gemu nusu saa, kisha weka kiganja juu ya kibodi. Joto utalisikia, na picha zitaanza kukwamakwama.

Kwa kuandika, video na intaneti, grafiki iliyomo ndani ya prosesa inatosha kabisa. Ila hiyo huazima RAM ya kompyuta, kwa hiyo vijiti vya RAM viwe viwili, ili isomwe kwa kasi zaidi. Grafiki ya aina hiyo iitwayo Iris Xe, ya Intel, ikipewa kijiti kimoja tu, hujitambulisha kama UHD, jina la grafiki dhaifu zaidi, na kasi hushuka.