Meza ya Watu Wawili, Mtu Mmoja



Msafiri wa ndege humwona rubani, au walau huisikia sauti yake. Lakini yupo mtumishi mwingine aliyeibeba roho ya msafiri huyo ambaye hawataonana kamwe. Huyo ni mwongoza ndege, aketiye mbele ya kioo cha rada na kuzigawia ndege njia na kimo. Kazi yake kubwa ni kuzitenganisha. Ndege zilizo katika kimo kimoja sharti ziachane, kwa kawaida maili 5 za baharini, yaani kilomita tisa na ushei. Zinazopishana juu na chini sharti ziachane futi 1,000. Na mwaka 1976, katika anga ya juu, kipimo kilikuwa futi 2,000. Kilomita tisa si kidogo kwa mwenda kwa miguu. Lakini ndege mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda kilomita 900 kwa saa, huzimaliza katika muda usiofika sekunde 20.

Tarehe 10 Septemba, 1976, ndege ya Shirika la Ndege la Uingereza aina ya Trident ilikuwa ikitoka London kwenda Istanbul, ikiwa na watu 63. Ilipita juu ya Zagreb, mji wa Yugoslavia ya wakati huo, katika kimo cha futi 33,000. Ndege ya pili, DC-9 ya shirika la Inex-Adria, ilikuwa imetoka Split kwenda Cologne na watu 113. Marubani wake waliomba kupanda juu zaidi kwa kuwa vimo vya kati vilikuwa vimeshikwa na ndege nyingine. Wakaruhusiwa kupanda hadi futi 35,000. Ili kufika huko ilikuwa lazima wapite katika kimo cha Trident.

Anga ya Zagreb iligawanywa kwa tabaka, na kila tabaka lilikuwa na waongozaji wake. Ndege inapotoka tabaka moja kwenda jingine, waongozaji hukabidhiana kama walimu wanavyokabidhiana darasa. Asubuhi ile makabidhiano hayakufanyika sawasawa. Aliyekuwa na tabaka la kati alimpa mwenzake wa juu ishara, na karatasi ya safari ya DC-9 ikapelekwa kwa mkono, lakini huyo wa juu alikuwa amezama katika mazungumzo na ndege nyingine. Meza yake ilikuwa ya watu wawili. Mwenzake alikuwa ameondoka mezani, kwa sababu aliyepaswa kupokea zamu alichelewa. Kwa hiyo kijana mmoja alibaki na redio, simu, rada na karatasi zote, katika moja ya anga zilizokuwa na ndege nyingi kupita zote za Ulaya.

Marubani wa DC-9 walipomwita kwa mara ya kwanza, walikuwa wamekwisha kupita futi 32,000. Tangu mwito huo hadi mgongano hazikutimia sekunde 40. Alipotambua hatari aliiacha lugha ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika, akasema kwa lugha ya kwao, kwa kigugumizi, kwamba wabaki katika kimo walichofika. Kwa kuwa rada ilimwonyesha kwamba Trident iko futi 33,500, aliamini anawazuia wakiwa chini yake. Kumbe Trident ilikuwa futi 33,000 kamili. Marubani wa DC-9 wakatii, wakasawazisha ndege yao hapo hapo. Marubani wa Kiingereza, hata kama walisikia, hawakuwa na njia ya kuelewa yanayosemwa. Watu wote 176 walikufa.

Jambo la lugha si la kupuuzwa na watu wa Afrika Mashariki. Mtu aliyeshikwa na hofu hurudia lugha aliyolelewa nayo, awe wa Zagreb, wa Dar es Salaam au wa Nairobi.

Waongozaji kadhaa na wakubwa wao walishtakiwa. Aliyehukumiwa ni mmoja tu, yule kijana, kifungo cha miaka saba. Ni kweli kwamba maneno yake ndiyo yaliyoisimamisha ndege mahali pa mauti, na hapana sababu ya kulificha hilo. Lakini si yeye aliyepanga zamu yenye watu pungufu, wala aliyeruhusu DC-9 ipande. Waongoza ndege wa nchi nyingine walilipinga jambo hilo na kuomba aachiwe, na mwaka 1978 alifunguliwa.

Robo karne baadaye, usiku wa tarehe 1 Julai, 2002, mambo yalijirudia karibu na mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani, katika anga iliyoongozwa kutoka Zurich, Uswisi. Hapo tena mwongozaji mmoja alikuwa akihudumia meza mbili huku mwenzake akipumzika, desturi ambayo wakubwa waliifahamu na kuivumilia. Rada ilikuwa katika matengenezo na simu kuu zilikuwa zimekatwa. Waongozaji wa kituo cha jirani cha Karlsruhe waliona hatari, wakapiga simu, isipite. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto kutoka Urusi. Mwongozaji mwenyewe aliuawa mwaka 2004 na baba aliyepoteza mke na watoto wake wawili katika ajali hiyo.

Safari hii, hata hivyo, mahakama ya Uswisi ilitazama nyuma ya kiti cha mwongozaji. Mwaka 2007 watumishi wanne wa kampuni iliyosimamia anga hiyo walipatikana na hatia, wakiwamo wenye vyeo vya usimamizi. Watatu walipewa vifungo vilivyoahirishwa, na mmoja alitozwa faini. Swali lililowafikisha kizimbani linaweza kuulizwa katika ofisi yoyote ya Serikali na katika chumba cha walimu chochote, siku karani au mwalimu anapoandikiwa barua ya karipio: meza yake ilihitaji watu wangapi siku ile, na nani alijua kwamba yuko peke yake?