Salisbury Yaweka Akiba ya Mvua Chini ya Ardhi

Msikilizaji, mvua ikinyesha mjini, maji hukimbilia wapi? Huko Salisbury, kaskazini mwa Adelaide nchini Australia, kwa miaka mingi yalikimbilia baharini na tope na oili za barabarani, yakiua nyasi za bahari ambamo samaki wadogo hukulia. Kiangazi kikija, viwanja vilikuwa vikikauka.

Halmashauri ikaamua kuyakinga. Mradi unaojulikana zaidi uko Parafield, kando ya uwanja wa ndege, na ulianzishwa kwa makubaliano na Michell, kampuni ya kuosha sufu ya kondoo, kazi inayokula maji mengi. Hapo naona busara kubwa: mteja alikuwepo tangu mwanzo.

Maji hutolewa mferejini, hutulia bwawani tope lizame, kisha hupita taratibu kwenye matete. Juu ya matete umetandazwa wavu, ndege wasikusanyike karibu na njia ya eropleni. Yakishachujwa, husukumwa kwa visima hadi kwenye mwamba wa chokaa, zaidi ya mita 150 chini. Maji ya huko yana chumvi. Haya ya mvua huyasogeza kando, yakakaa humo bila kukaushwa na jua. Kiangazi hupandishwa kwa pampu kumwagilia bustani na viwanja vya michezo.

Katika mtaa wa Mawson Lakes, huko huko Salisbury, nyumba zina bomba la pili, la zambarau, lenye maji ya mvua yaliyochanganywa na majitaka yaliyosafishwa. Hilo ni la bustani na choo. Si la kunywa.