Mtandao Unaoishia Mlangoni: Seli Ndogo na Nyumba za Kariandusi



Simu ya mama yangu inaishi dirishani. Ameishonea kifuko cha kitambaa, akakifunga kwenye grili ya dirisha la jikoni, na simu haitoki humo ila inapokwenda kuchajiwa. Ikilia, mama huacha sufuria, husogea dirishani na kuongea akiwa amesimama, shavu likigusa vyuma. Akigeuka kuangalia moto, sauti inakatika. Mimi ni fundi wa simu na redio, na kwa miaka mingi nilimwambia kwamba tatizo ni mnara, kwamba kampuni haijali watu wa huku. Kisha siku moja nikapima. Uani, hatua kumi kutoka jikoni, simu ileile ilikuwa inashika vizuri. Mnara ulikuwa umefanya kazi yake mpaka mlangoni.

Kariandusi hatuko porini. Barabara kuu ya Nairobi na Nakuru inapita papa hapa, yapata kilomita 120 kutoka Nairobi. Wageni hushuka kwenda kutazama mashoka ya mawe ambayo Louis Leakey alianza kuyachimbua mwishoni mwa miaka ya 1920, na mgodi wa diatomaiti uko jirani. Ukisimama barabarani na kutazama upande wa Ziwa Elementaita, hakuna atakayekuambia kwamba hakuna mtandao. Ni kweli kwamba bonde letu limekatwakatwa kwa ngazi za miamba, na nyumba iliyojificha nyuma ya genge hupata kivuli cha mawimbi kama inavyopata kivuli cha jua la asubuhi. Lakini wengi wetu hatuko kwenye kivuli hicho. Tuko kwenye kivuli cha nyumba zetu wenyewe.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu ndipo penye kiini.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake si ya kujumlisha kama ya sokoni. Ukipoteza desibeli 10, umebaki na sehemu moja kati ya kumi. Ukipoteza 20, umebaki na moja kati ya mia. Tuseme uani simu inaonyesha -95 dBm, na chumbani inaonyesha -115. Macho yanaona tofauti ya namba 20 tu, kumbe katika mawimbi mia yaliyofika uani, ni moja tu lililoingia chumbani. Pale uani utaongea na kutuma pesa. Chumbani utasikia nusu ya neno, kisha kimya.

Nani amekula hayo tisini na tisa? Wa kwanza ni bati. Bati la geji 30 ni jembamba sana, lakini kwa mawimbi ya simu ni ukuta kamili, kwani hufifia na kuisha kabla hayajafika hata upande wa pili wa chuma hicho. Yanarudishwa angani. Wa pili ni mawe ya kuchonga tunayojengea, ambayo hupitisha kiasi na kumeza kiasi, na humeza zaidi mawimbi ya masafa ya juu kama yale ya 1800 na 2100 MHz. Basi njia iliyobaki ni dirisha, nasi dirisha tumeliwekea grili. Wimbi la 900 MHz lina urefu wa sentimita 33. Grili ya miraba ya sentimita 10 kwa 10 ni tundu dogo mno kwa wimbi hilo, kwa hiyo linapita kwa taabu. La 1800 lina urefu wa kama sentimita 17, nalo hupita kwenye grili kwa nafuu kidogo, lakini ndilo linaloshindwa na mawe. Nyumba ya bibi yangu, ya udongo na nyasi, isingezuia hata robo ya haya. Tumejenga nyumba bora, na kwa kuzijenga tumeufungia mtandao nje. Silaumu bati. Nataka tu tujue kinachotuzuia kabla hatujatoa pesa.

Yako mafunzo tuliyoyapata juu ya vichwa vyetu bila kuyatambua. Mwezi Julai 2020 kampuni ya Telkom Kenya na ile ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet, wenye Google, zilianza kutoa mtandao wa 4G kwa maputo yaliyoelea kwenye kimo cha kama kilomita 20. Maputo yalikuwa kama 35, na eneo lililotajwa, karibu kilomita za mraba 50,000, lilihusisha Nakuru yetu. Januari 2021 wenye Loon walitangaza kwamba wanafunga, kwa sababu gharama haikuwiana na mapato. Wengi walisikitikia gharama. Mimi nilikuwa nikifikiria paa. Mawimbi yanayotoka mnarani huja kwa ubavu na hukutana na dirisha. Yanayotoka utosini hukutana na bati kwanza. Kifaa chochote cha angani, kiwe puto au setilaiti, kitahitaji kitu cha pili cha kuingiza huduma ndani. Ndiyo maana Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023, huweka sahani yake nje kabisa na kupitisha waya hadi kwenye rauta iliyo sebuleni.

Sasa niseme juu ya dawa ambayo wengi mmeshaijaribu. Huku kwetu hata mnara wenyewe huitwa buusta, lakini hapa nazungumzia kile kifaa cha dukani chenye antena mbili, moja juu ya paa na nyingine ndani. Nilikinunua na kukifunga kwa mama. Siku za kwanza tulifurahi. Kisha jirani wa kushoto akaanza kulalamika, na wa ng'ambo ya barabara vilevile, kwamba simu zao zinakata. Nilipochunguza nikaona antena ya ndani inasikika na antena ya paa, kifaa kinakuza sauti yake chenyewe, mduara usiokwisha, kama spika ya kanisani inayopiga mluzi maikrofoni ikisogezwa karibu. Ila mluzi ule hausikiki kwa sikio. Ulikuwa unaingia mnarani na kuwavurugia watu wote waliotegemea mnara huo. Nilikizima usiku uleule.

Kifaa cha namna hiyo hupokea kila kitu na kukikuza, maneno pamoja na kelele. Na masafa kinayotumia si yako. Kampuni ya simu imeyalipia leseni, na sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 inataka vifaa vya redio viwe vimeidhinishwa na vitumiwe kwa kibali. Viko vikuzaji vizuri vinavyofungwa na kampuni zenyewe, vinavyojishusha vikianza kupiga mluzi. Hicho cha kichochoroni sikipendekezi kwa mtu yeyote, na nawaomba walionacho wakizime.

Seli ndogo ni kitu kingine. Ni mnara kamili ulioshushwa ukawa kisanduku cha kuwekwa rafuni. Mnara wa barabarani hurusha mawimbi kwa wati kama 20 au 40 na kuhudumia kilomita kadhaa. Kisanduku cha nyumbani hurusha kama sehemu moja ya kumi ya wati na kuhudumia mita 10 hadi 50. Hakikuzi mawimbi ya mtu mwingine. Kinaanzisha yake, kwa ruhusa ya kampuni, na simu yako ikiingia ndani inahama kutoka mnara mkubwa kuja kwenye kisanduku bila wewe kujua. Kwa kuwa kinatumia masafa ya kampuni, ni kampuni inayokiwasha, inayojua kilipo, na inayohakikisha kwamba ukipiga 999 au 112 simu inaelekezwa panapofaa.

Lakini kisanduku hiki kinahitaji mshipa wa kukiunganisha na mtandao mkuu. Uingereza, Vodafone walipoanza kuwauzia wateja visanduku vya namna hii mwaka 2009, mshipa ulikuwa intaneti ya waya iliyokuwa tayari nyumbani. Kwetu hapa, nyumba ngapi zina faiba? Ndiyo maana seli ndogo isiyo na waya inanivutia zaidi. Mwaka 2017 kampuni ya Sprint ya Marekani ilianza kuwapa wateja kisanduku walichokiita Magic Box. Unakiweka karibu na dirisha, kinaongea na mnara kwa upande mmoja kama simu yenye sikio kali, na kwa upande wa pili kinatoa mtandao ndani ya jengo. Waya pekee ni wa stima. Kwa Kariandusi ningekwenda mbali kidogo zaidi: sikio lenyewe litoke nje, antena kwenye mlingoti uliopita kimo cha paa, ikielekezwa mnarani. Huko juu mawimbi ni mengi mara kumi, pengine mara mia, kuliko ya chumbani, na yanaingia ndani kupitia tundu la waya badala ya kupigana na mawe. Umeme wake si mwingi, na paneli ya sola yenye betri nzuri inaweza kuuhimili stima ikipotea.

Kuna jambo ambalo seli ya namna hii haiwezi. Kama mnara wenyewe umelemewa, saa mbili usiku kila mtu anapofungua video, kisanduku hakitaongeza maji mtoni. Kitakuletea foleni ileile, ila kwa sauti safi. Hapo dawa ni mshipa mwingine, wa faiba au wa setilaiti.

Ndugu zangu wataniuliza: mbona tusifunge waifai tu? Swali hili nimelifikiria sana, na jibu langu ni kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Mwenye simu janja, waifai itamfaa kwa mengi, na pale ambapo kampuni imefungua huduma ya kupiga kupitia waifai, hata simu ya kawaida atapiga. Lakini mama yangu anatumia kabambe, na wateja wengi wa maduka yenu pia. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilijengwa ndani ya laini, na mpaka leo menyu ile ya laini, na *334#, na ujumbe wa kuthibitisha kwamba pesa imeingia, vyote hupita kwenye mtandao wa simu. Kabambe haijui waifai ni nini. Mhudumu wa duka anayetoka nje kila mara kuangalia kama ujumbe umeingia hatasaidiwa na rauta.

Kwa sababu hiyohiyo naomba tuwe makini. Magic Box ilikuwa ya 4G peke yake. Kabambe nyingi ni za 2G. Tukiletewa kisanduku cha 4G pekee, wenye simu janja watashangilia, na mama ataendelea kusimama dirishani. Tena kisanduku huwa cha kampuni moja, na mwenye laini nyingine hafaidiki. Haya mawili yaandikwe kwenye barua yoyote tutakayoipeleka: mtandao wa kabambe uwemo, na kampuni zaidi ya moja ziombwe.

Kuhusu afya, nitasema kwa ufupi. Simu ikiwa mbali na mnara hupaza sauti yake, hadi wati 2 kwa 2G, nayo iko sikioni. Ndiyo maana inapata moto na betri inaisha. Kisanduku kikiwa chumbani, simu hunong'ona. Anayeogopa mionzi ana sababu ya kukitaka, si ya kukikimbia.

Niingie katika pendekezo. Kenya tuna Mfuko wa Huduma kwa Wote, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambao hugharimia minara katika kata ndogo zisizofikiwa. Kariandusi haitafika kwenye orodha hiyo, kwa kuwa kwenye ramani tuna mtandao. Ramani hiyo haijaingia jikoni kwa mama. Basi sisi wenyewe ndio tutakaoandika ramani ya ndani, na tuiandike kwa majengo yanayotumiwa na wengi kabla ya nyumba za watu binafsi. La kwanza ni zahanati, hasa chumba cha kujifungulia, ambako muuguzi anayehitaji gari la wagonjwa hapaswi kumwacha mama mzazi peke yake ili atafute mtandao uani. Kisha ofisi za shule, kisha safu ya maduka, ambako kisanduku kimoja kinaweza kuhudumia kuta kadhaa zinazopakana na gharama ikachangwa.

Kupima hakuhitaji fundi. Kwenye simu nyingi za Android, ingia kwenye mipangilio, halafu kuhusu simu, halafu hali ya laini, utaona namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Kadiri inavyokaribia sifuri, ndivyo mtandao ulivyo na nguvu. Andika namba ya nje, ya mlangoni na ya katikati ya chumba. Rudia alfajiri, adhuhuri na saa mbili usiku, kwa laini ya kila kampuni. Andika pia paa ni la nini na dirisha lina grili gani. Kampuni ikipelekewa barua ya malalamiko itajibu kwamba eneo lina mtandao. Ikipelekewa karatasi arobaini zenye namba za nje na za ndani, itabidi ijibu juu ya hizo namba.

Karatasi nimezichapisha, ziko mezani pale mlangoni, karibu na chai. Kila mwalimu achukue tano, kila mwenye duka moja. Zahanati nitaipima mwenyewe Jumatatu, nikianzia chumba cha kujifungulia, muuguzi wa zamu akiniruhusu.